Kisiki cha Klara

Kama kuna mtu pale Mungaa aliyekuwa na haki ya kuchoka, ni Nathanaeli. Miaka kumi na saba alipanda na kukata miti kwenye shamba la serikali huko kaskazini. Zikaja zama za ruksa, kila kitu kikawa cha kuuzwa, yeye akapewa barua ya kuachishwa kazi na nauli ya kurudi kwao. Alirudi na shoka, mgongo mbovu na kikohozi. Mkewe Dorkas alimpokea kwenye nyumba isiyo na mtoto, maana binti yao wa pekee, Klara, alikufa kwa surua akiwa na miaka sita. Tangu msiba ule watu waliacha kumwita Dorkas Mama Klara. Waliogopa kumtonesha kidonda.

Kilichobaki cha Klara ni mti wake nyuma ya kanisa, kwenye mipaini. Desturi hiyo Nathanaeli ndiye aliyeileta, zamani akiwa likizo, alipobeba miche kwenye boksi la sabuni: kila mtoto anayebatizwa apandiwe mti wake. Alipima hatua tatu tatu, akachomeka vijiti. Akina mama wakaving'oa. Mtoto hatengwi na wenzake, walisema, wakataka miti ikae hatua moja moja. Yeye alijua wazi kwamba hiyo ni mbegu ya balaa, lakini aliona haya kubishana na wanawake waliobeba vichanga, tena siku ya ubatizo. Akanyamaza. Kunyamaza kule kulimla moyo miaka yote.

Sasa miti ilikuwa themanini na kitu, myembamba, imebanana kama ng'ombe kwenye lambo linalokauka. Mvua zilikosa mwaka mmoja, zikakosa na wa pili, uwele ukaungua shambani. Vilele vikaanza kuwa vyekundu. Nathanaeli alibandua ganda la mti mmoja kwa kisu, akakuta wadudu wameshachimba njia zao. Akaenda kwa Urbano, mzee wa kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Mipaini ina kiu. Maji ni kidogo, wanywaji ni wengi, na mti wenye kiu hauwezi kupigana na mdudu. Tukate mmoja tuache mmoja, itakayobaki ipate kunywa."

Urbano akauliza, "Ukate wa mtoto wa nani, Nathanaeli?"

Jumapili baada ya ibada jambo likaletwa mbele ya watu. Aliyesimama wa kwanza ni Loyce, ambaye mti wa mwanawe Shukuru uligusana matawi na ule wa Klara. Shukuru alikwenda machimboni Mererani, na mwaka wa pili huo hajaleta hata salamu.

"Sema tu umeshaongea na wale wanunuzi wa nguzo wa mjini," Loyce alisema. "Siku hizi kila mtu anauza. Mimi huo mti ndio ninaousalimia asubuhi. Ukiugusa, umemgusa Shukuru."

"Dada yangu, heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Basi anza na wako!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakaguna kukubali.

Nathanaeli akashika njia ya nyumbani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Katika hesabu zake zote za mmoja uende mmoja ubaki, wa Klara alikuwa ameuweka kwenye itakayobaki, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Nyumbani Dorkas alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

"Utakata lini?"

"Sijasema nitakata."

"Umeshanoa shoka, nimesikia." Akaendelea kusonga. "Ila usiukate kwa hasira ya watu. Na kuni zake sitapikia."

Aliukata asubuhi, mapigo machache tu, maana haukuwa mnene. Dorkas alisimama pembeni amejifunga kanga kifuani, na mti ulipoanguka akalia kwa sauti, kama siku ile ya surua. Nathanaeli alilia pia, wala hakuona aibu.

Alingoja mtu wa pili ajitokeze. Hakuna. Jioni aliletewa maneno waliyosema watu kisimani: kwake ilikuwa rahisi, mwanawe si alishakufa? Akalitupa shoka uvunguni. Alikuwa amechoka na miti, na watu wake zaidi.

Mvua ilirudi Januari, imechelewa. Kufikia Pasaka mipaini yote ilikuwa imekauka, rangi ya kutu tupu. Vijana wakaja na misumeno, akina mama wakatazama, na safari hii hakuna aliyeuliza ni wa mtoto wa nani.

Yote, isipokuwa mitano. Mitano ile ilisimama kijani kukizunguka kisiki cha Klara, na wa Shukuru ulikuwa mmojawapo.

Nathanaeli alikuwa kitandani na kikohozi chake Loyce alipofika. Alimsikia akisimama uani muda mrefu bila kubisha hodi, mpaka Dorkas akatoka kumkuta.

"Nimetoka kuusalimia," Loyce alisema. "Nikausalimia na ule wa..." Akaanza upya. "Nimekuja kukuomba radhi, Mama Klara."

Miaka kumi na miwili jina hilo halikuwa limetajwa katika uwanja ule. Nathanaeli alijifunika blanketi usoni, akamsikia mkewe akiitika.