Baridi ya Nafasi ya Saba

Viatu vya Ladislas vilikuwa viatu kwa juu tu. Chini, soli zilikuwa zimebaki jina. Miaka miwili ya kulinda magari mbele ya hoteli karibu na ufukwe ilikuwa imezila, na sasa akikanyaga sarafu aliweza kukwambia ya mwaka gani.

Lakini kwa walinzi wa magari wa Durban hakuna anayeuliza viatu. Swali ni laini yako iko wapi. Ya Ladislas ilikuwa nafasi kumi na mbili za kuegesha, na Desemba ilishaingia, mwezi ambao wageni wa Johannesburg hutoa bakshishi hata kwa aliyepiga chafya karibu na gari lao.

Ndipo Shem akaja na uzio. Alikuwa injinia kijana, Mkenya wa kukaa Westville, na chini ya barabara ile alikuwa na bomba la kupeleka maji baridi kutoka chumba cha mashine hadi hoteli tatu, kupoza vyumba. Lilikuwa linavuja, na wageni walikuwa wanatoka jasho vitandani.

"Mzee, kesho tunachimba hii laini yote," alisema. "Wiki tatu hivi. Pole."

"Zote kumi na mbili?"

"Mashine yetu ya kusikiliza maji yanapovuja inasikia teksi tu. Nitafanyaje?"

Ladislas alicheka kwa pua. Kule kwao Lubumbashi alifunga mabomba ya kiwanda cha shaba miaka kumi na tisa, kabla vita havijamfanya bingwa wa kuwaonyesha watu jinsi ya kurudi nyuma na Toyota.

"Chimba ya saba. Maji iko pale."

"Nani amekuambia?"

"Mguu yangu."

Doudou, mlinzi wa laini ya jirani, akasogea. Alikuwa amekitamani kile kivuli cha hoteli tangu Pasaka. "Tonton, kama maji haiko pale, laini yako ni yangu."

"Sawa. Na kama iko, hiyo tonton, hiyo mjomba, imekufa. Utaniita patron, bosi yako."

"Mzee, siwezi andika kwa ripoti eti mguu wako umesema," Shem alisema.

"Basi andika yako. Toa buti."

Ilikuwa saa saba mchana na lami ilikuwa inachemka. Shem akavua zile buti nene za kazi, akavua na soksi, akaanza nafasi ya kwanza akirukaruka kama kuku aliyeingia jikoni. Teksi zilimpigia honi. Akapita ya nne, ya tano, ya sita, akiwataja watakatifu ambao kanisa lake halina.

Kwenye ya saba alisimama. Akateremsha mguu wa pili, taratibu. Akakaa pale kama mtu aliyefika kwake.

"Eish. Umejua tangu lini?"

"Juma lililopita."

"Na hukusema?"

"Hukuuliza. Na ilikuwa inanipoza vizuri."

Wakachimba ya saba peke yake. Kina cha kiuno, maji yakapanda, baridi ya kuuma meno. Siku nne baadaye shimo lilikuwa limefukiwa, na nafasi zote kumi na mbili zilikuwa na magari.

Shem akaleta zawadi: buti mpya, soli nene kama mkate. Ladislas akazipima mkononi, akashukuru kwa heshima, akazirusha laini ya jirani.

"Vaa wewe, Doudou. Mguu yangu iko kazini."

"Merci, patron," alisema Doudou, akitazama pembeni.