Nilimwita Mama Tusekile Mbele ya Wakwe Zake

Mimi ndiye mwenye makosa. Sitaki mtu anitetee, wala aniambie shetani alinipitia. Shetani hakuwepo siku ile, nilikuwepo mimi!

Nauza vitenge na madera hapa Ibighi, Tukuyu. Nina mume, watoto watatu, na swala tano sikosi. Ukinikuta dukani utasema mama wa watu huyu, hana neno na mtu. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha, wasije wakaumia mara ya pili.

Atu ni rafiki yangu tangu sekondari. Tulilala kitanda kimoja bwenini, kanga moja tukijifunika wote. Kidato cha tatu akapata mimba, akarudishwa kwao Masukulu, akazaa binti, Tusekile. Mama yake akamchukua yule mtoto akamlea kama kitinda mimba chake. Mtoto akakua akijua Atu ni dada yake. Hata wakwe wa Atu walipokuja kumposa, Tusekile ndiye aliyewanawisha mikono, wakamsifu kwamba mdogo wa bibi harusi ana adabu.

Sasa kwetu, mwanamke aliyezaa haitwi jina lake tupu. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Basi mimi nikiwa naye wawili tu, au kwenye simu, nilikuwa namwita Mama Tusekile. Duniani kote mimi peke yangu ndiye niliyemwita hivyo. Alikuwa anacheka kidogo halafu ananyamaza, najua alikuwa anafurahi.

Mwaka jana akanialika Dar es Salaam alikoolewa, kwenye ubatizo wa mtoto wake wa pili wa ndoa, mdogo wake Brayan. Hatukuwa tumeonana miaka tisa! Nilipanda basi na mkungu wa ndizi, maparachichi na maharage, miguu ikavimba kama ya mjamzito. Nilipomwona pale stendi nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. Tulikumbatiana, tukalia, tukacheka. Mji una makelele na joto la kukutoa roho, lakini mimi sikuona kitu, nilimwona Atu.

Asubuhi ya sherehe tuko jikoni tunachambua mchele, akaniambia, "Shoga, nimechoka kumdanganya Baba Brayan. Ni mtu mwema. Mwezi wa saba akipata likizo nitamwambia taratibu, halafu nimchukue mwanangu nikae naye. Niombee."

Nikamwambia, "Nakuombea, mama yangu." Wallahi nilimaanisha.

Mchana wageni wakajaa. Wakwe zake, wafanyakazi wenzake, wanawake wenye mawigi na viatu virefu. Mimi na dera langu niko nabeba sinia za pilau, naingia natoka. Mgeni mmoja akauliza, "Huyu naye ni nani?" Nikasimama pale natabasamu, nikisubiri Atu aseme huyu ni rafiki yangu wa damu.

Atu akasema, "Huyo ni dada wa kijijini kwetu, amekuja kutusaidia kazi."

Jamani! Moyo wangu ulichemka! Kutusaidia kazi! Mimi niliyemfulia nguo wakati wa ile mimba wenzake wote wamemkimbia! Pengine aliniona kero, pengine alisema tu bila kufikiri. Sijui, na sikuuliza. Nilirudi jikoni nikasimama karibu na jiko, nikahesabu mpaka kumi kama nilivyofundishwa na marehemu mama. Haikusaidia.

Nikatoka mpaka mlangoni. Wakwe wote wamekaa, Baba Brayan ameshika soda. Nikapaza sauti, "Mama Tusekile! Hebu njoo, mchuzi unakauka huku!"

Mama mkwe akaweka kijiko chini. "Tusekile? Si yule mdogo wako aliyetunawisha mikono siku ya posa?"

Hapo ndipo ningeweza kuokoa. Ningesema ni utani wetu wa kwetu, na wangenielewa, maana mimi ni wa kijijini tu. Badala yake nikajiziba mdomo, nikasema, "Mungu wangu, mdomo wangu huu! Nimezoea tu, jamani, nisameheni!" Nilipojiziba mdomo hivyo ndio nikawa nimethibitisha. Baba Brayan akamwangalia mkewe, na Atu akaangalia chini. Hakuna aliyehitaji kuuliza tena.

Haikupita mwezi, Atu akawa amerudi Masukulu na kichanga mgongoni. Brayan amebaki kwa baba yake. Mume alisema angemsamehe kuzaa kabla ya ndoa, ila hawezi kusamehe kwamba mtoto huyo aliwanawisha mikono yeye na wazazi wake, nao wakafanywa wajinga. Maneno yakavuka mto na kilima, yakamfikia Tusekile shuleni, kwa midomo ya wenzake.

Yule binti alikuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha pili. Ameacha shule. Kazi zote anafanya, maji anateka, kuni anapasua, ila akiitwa haitiki. Bibi yake akimwita, kimya. Atu akimwita ndiyo kabisa, anatoka nje.

Na Atu mwenyewe, sikilizeni hili, ANANITETEA MIMI! Anawaambia watu, "Msimlaumu, amezoea kuniita hivyo, aliteleza tu." Ameshanisamehe! Amenisamehe kuteleza, na mimi sikuteleza. Dini yangu inanifundisha kwamba haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe akusamehe. Sasa huu msamaha nilionao nimeuiba. Nasujudu nao kila siku, haunishuki moyoni.

Wiki iliyopita nilienda kuwaona. Bibi akanipokea kwa mikono miwili, akanikalisha, akaninong'oneza, "Mwanangu, wewe alikuwa anakupenda sana. Hebu mwite wewe."

Tusekile alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikamwita.

"Abee, mama mdogo."

Akaja! Akakaa karibu yangu kwenye mkeka, akaniegemea begani, akaanza kulia kilio cha miezi yote ile. Ndani nikamsikia Atu naye analia. Bibi akapiga magoti akanishika miguu, akasema, "Ndaga fijo, mwanangu! Ahsante sana! Mungu akubariki kwa ulivyoturudishia mtoto!"

Nikashindwa kuitikia amina.

Tusekile ananipigia simu kila jioni sasa, na kwa mama yake bado hataki kusema. Nikisema ukweli, nitamnyang'anya mtu pekee anayemwitikia. Nisiposema, nitakuwa namlea kwa uongo, kama tulivyomlea wote tangu mwanzo. Nifanye nini? Silali, sili, mume wangu ananiuliza naumwa nini.

Wenzangu, mkidharauliwa na rafiki, mwambieni usoni. Mtukaneni, nuneni, pandeni basi mrudi kwenu na njaa. Lakini siri aliyokupa siku anayokupenda, usimchomee nayo siku umemchukia. Hasira yangu ilikwisha kabla pilau haijapoa. Yule mtoto mpaka leo hajamwita mama yake mama.