Visahani Vilivyogawiwa kama Kuku

Goti la kulia la Salu Luhaga halikuwa la kutegemewa. Alikuwa bado binti kule Bukundi maksai wa plau alipomwangukia shambani mwa baba yake, na mganga aliyeunga mfupa ule aliuunga kwa namna yake. Tangu hapo Salu hutembea akichechemea, na uzito wake wote huuweka mguu wa kushoto. Alihamia Bariadi akawa fundi cherehani wa sare za shule karibu na soko, mwenye ulimi usiokopesha.

Mchezo aliupata bila kuutafuta. Wageni wa kanisa walisimika vikapu vya minyororo katika uwanja ulio nyuma ya jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, wakaacha sanduku la visahani vya plastiki, wakaenda zao. Kanuni yake haina ugumu: unarusha kisahani kutoka mbali hadi kiingie kikapuni, na anayefika kwa mitupo michache ndiye mshindi. Karibu wote walirusha kama mtu anayefungua pazia, mkono ukianzia kifuani, mgongo wa mkono ukitangulia, na mwili ukizungukia mguu wa kulia. Salu alijaribu hivyo mara moja akaanguka chini, watu wakacheka. Akasimama, akajipangusa, akageuza mwili, akatanguliza kiganja kama mchunga ng'ombe anayerusha jiwe lirukeruke juu ya maji ya lambo. Mguu wa kushoto ukabeba mzigo wote. Kisahani kikaruka, na kicheko kikakoma.

Mtupo wa kiganja una masharti yake, na Salu aliyajifunza kwa kukosea. Nguvu yake hutoka ghafla kwenye kifundo cha mkono. Kisahani chepesi chenye ukingo laini hakiistahimili. Hupinduka kushoto na kulala chini kama chapati iliyoponyoka kaangoni. Panatakiwa kisahani kigumu, kizito kidogo, mgongo wake bapa, na ukingo wenye kina ambao vidole viwili hushika kwa ndani bila kuteleza. Kisahani ambacho, hata kikisukumwa kwa hasira, daima hutaka kurudi kulia. Alivijaribu vyote vilivyokuwa sandukuni, akivibonyeza ukingo, akivipima juu ya vidole, akivirusha kuukabili upepo. Kilichomjibu kilikuwa kimoja tu, cha rangi ya udongo mwekundu. Akakifanyia mazoezi msimu mzima wa kiangazi.

Kisha ukaja mwaliko wa mashindano ya Arusha, na ndani yake nafasi moja ya mwanamke. Salu aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu goti lilipoharibika.

Mzee Mayige, mwenyekiti wa chama cha mchezo, aliwakusanya asubuhi moja, akaagiza sanduku limwagwe. "Mwangaluka," akawasalimu kwa Kisukuma. "Kabla ya mchujo, kila mtu awe na kisahani chake. Vizito kwa wanaume, kwa kufuata umri. Vyepesi kwa akina mama."

Chekundu kikaenda kwa Sylvester, makamu wake, mtu ambaye hajawahi kurusha kwa kiganja hata nzi. Salu akapewa cha waridi, laini kama ganda la ndizi.

"Mzee, hiki chekundu ndicho nilichofanyia mazoezi," akasema. "Hicho cha waridi kitanigeuka."

"Mayu, mama yangu, kitu kizito ni cha mwanamume. Wewe hata ndoo ya maji utailalamikia."

"Ndoo naibeba. Asiyeibeba ni mzee Sylvester."

Watu wakacheka. Sylvester akatabasamu. "Kwangu wapo wa kunibebea."

"Basi na kisahani wakakurushie."

Mayige akainua mkono. "Salu, kwenu kuku akichinjwa, firigisi hula nani?"

"Baba."

"Na baba akiwa hana meno?"

"Analetewa vilevile."

"Umejijibu mwenyewe."

Hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Firigisi huliwa ikaisha, na heshima ikabaki. Hakuna aliyelala njaa kwa sababu ya firigisi. Lakini chombo cha kazi si kitoweo. Jembe halitolewi kwa umri, hupewa anayelima. Mila iliyowekwa kumheshimu mzazi mezani ilichukuliwa ikapelekwa uwanjani kumnyang'anya mtu haki yake, na waliokuwapo wakaiona ni busara, akina mama wakiwa wa kwanza kuitikia kwa kichwa.

Siku ya mchujo upepo ulivuma kutoka upande wa ziwa. Kabla ya kuanza, Salu alimfuata Sylvester. "Niazime kwa leo tu."

"Mke na baiskeli haviazimwi," akajibu. "Na sasa kisahani kimeongezeka."

Akarusha cha waridi. Alikiinamisha ukingo wa nje, akapunguza nguvu, akakibembeleza kama mtoto mwenye homa. Vikapu vya karibu vilimwitikia. Vya mbali vilidai nguvu, na kila alipoitoa, kisahani kiligeuka kushoto na kuzama katika mabua ya pamba iliyokwisha kuvunwa. Joyness, msusi wa nywele aliyekuwa akirusha kama wengine, alicheza kwa utulivu akamshinda kwa haki.

"Mmeona," Mayige akatangaza. "Mtupo wa kiganja haumfai mwanamke. Atakwenda Joyness. Majina nitayapeleka kesho." Kisha akashusha sauti, kwa sababu huko Arusha njia nyingi za kurushia hukunja kulia, na timu yake ya wanaume haikuwa na hata mmoja aliyeweza kukipeleka kisahani upande huo. "Mayu Salu, hebu njoo umwonyeshe mzee Sylvester."

Majina yalikuwa bado hayajapelekwa. Salu alilishika tumaini hilo, akakipokea chekundu. Alidhani mwenye macho akionyeshwa ataona. Akakaza mguu wa kushoto, akatoa nguvu yote aliyoizuia tangu asubuhi. Kisahani kikanyooka katikati ya upepo kisitikisike, kikaenda mbali kuliko chochote kilichorushwa siku ile, kikakunja kulia taratibu na kugonga minyororo ya kikapu cha mwisho.

Joyness ndiye aliyesema kwanza. "Mzee, nafasi hii ni ya dada Salu. Mimi sina neno."

"Mchujo umekwisha," Mayige akasema. "Kimepimwa alichokuwa nacho mkononi."

"Na aliyekitia mkononi mwangu ni nani?" Salu akauliza.

Sylvester alikwenda kikapuni, akakitoa kisahani chake, akakipangusa kwa shati, akarudi akiwa na furaha ya kweli usoni. "Safi sana, mayu. Sasa niambie, vidole umeviweka vipi huku chini?"

"Umeona kilivyoruka," Salu akasema. "Vidole ni vyangu."

Akavifumbata ndani ya kitenge, akaondoka akichechemea. Mayige akamtumia ujumbe kwamba asikanyage uwanjani hadi aombe radhi kwa kiburi kile. Sylvester alikwenda Arusha na chekundu, akarudi nacho bila kukirusha, kwa kuwa hakujua vidole huwekwa wapi. Salu yuko kwenye cherehani yake karibu na soko. Radhi hajaiomba.