Ganapati Aliyekataa Kuyeyuka

Mungu alifika Lodwar kwa basi, ndani ya boksi la televisheni, na boksi lilipofunguliwa alikuwa vipande kumi na saba. Mkonga ulikuwa umelala peke yake pembeni. Mama Pushpa, mwenye boksi, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya hadiwea ya mwanawe, mguu mmoja umenyooshwa juu ya stuli. Alivitazama vile vipande, kisha akasema kwa Kigujarati neno ambalo mwanawe, Kirit, alikataa kumtafsiria mtu yeyote.

Aliyevunjika ni sanamu ya Ganapati, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha ndovu, mwondoa vikwazo. Kila mwaka sikukuu yake ikikaribia Mama Pushpa hupanda kwenda Eldoret kwenye hekalu, huimba, hula, husengenya na dada zake mpaka koo likauke, halafu hurudi Lodwar akiwa mtu mpya. Mwaka huo alikuwa ameanguka bafuni akavunjika nyonga, na daktari akamkataza safari ndefu. Ndiyo maana alimwagiza mungu aje kwake. Sasa zimebaki siku sita, na mwondoa vikwazo ameshindwa na mashimo ya barabara.

"Tuagize mwingine," Kirit akasema.

"Ili huyo afike vipande thelathini?"

Aliyewaokoa ni Nakuleu, mama wa Kiturkana aliyesimamia kaunta ya duka. Nyumbani kwake alikuwa na jiko la udongo alilonunua Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi, lenye mkonga badala ya mkono wa kushikia na masikio mawili makubwa ya kushikilia sufuria.

"Iko mama moja Mkongo huko," alisema. "Yeye ndiye anatengeneza jiko iko na masikio. Hii mungu yenu ataiweza."

Mkongo mwenyewe aliitwa Sylviane, mwenye miaka hamsini na miwili. Alikuwa ametoka Baraka, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, miaka kumi na minne iliyopita. Shirika moja lilipowafundisha wanawake wa Kalobeyei kutengeneza majiko, wote walitengeneza majiko yanayofanana kama mayai, na soko likajaa. Sylviane akaanza kuyawekea ya kwake pua, pembe na vidole vya miguu. Moja alilitengeneza kwa sura ya marehemu mama mkwe wake, na hilo ndilo lililonunuliwa kwanza. Jumapili aliimba kwaya kanisani kwa Mchungaji Anatole, ambaye alikuwa amemsimamisha mara mbili kwa kucheka watu wakitoa ushuhuda.

Dereva wa lori la Kirit alipomletea habari, hakuuliza huyo mungu ni wa dini gani. Aliuliza ni wa kimo gani.

Mkimbizi hatoki kambini hivi hivi, kwa hiyo kwanza alikwenda kuomba kibali. Karani alikuwa kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Sababu ya safari, mama?"

"Ninaenda kutengeneza mungu."

Karani akaitazama fomu juu mpaka chini. "Hapa kuna biashara, matibabu, masomo na familia."

"Bon. Andika biashara."

"Ungesema matibabu ingetoka haraka," karani akamwambia, lakini akagonga muhuri.

Hekalu alilolikuta Lodwar lilikuwa stoo ya saruji hadi wiki iliyotangulia. Kirit alikuwa amehamisha mifuko nusu. Nusu nyingine ilibaki imepangwa ukutani na kufunikwa shuka la maua. Kulikuwa na kengele ya shaba, picha za miungu kadhaa kwenye fremu, na feni iliyozungusha vumbi la saruji na harufu ya udi kwa pamoja. Sylviane akapiga chafya tatu. Mama Pushpa akamwambia hiyo ni dalili njema. Baadaye alikiri kwamba aliibuni papo hapo.

Mama Pushpa alikuwa amezaliwa Kitale, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. "Sikiza. Kabla ya kushika udongo, unaoga. Nyama hapana. Yai hapana. Samaki hapana. Pombe usiniulize."

Sylviane akaitikia, "Ndiyo mama." Ndani ya mkoba wake kulikuwa na pakiti ya ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani kwao, ambao bila wao hajawahi kumaliza siku. Mama Pushpa hakuweza kutembea bila fimbo, lakini pua yake haikuwa imevunjika. Kufikia adhuhuri pakiti ilikuwa juu ya paa la choo, na Sylviane alikuwa anakula dengu akinung'unika kwa Kibembe.

Kazi ilianza na ugomvi wa mkonga. Sylviane aliupindisha kulia.

"Geuza kushoto," Mama Pushpa akasema. "Wa kulia ni mkali. Anataka ibada kwa utaratibu kila saa. Mimi na huu mguu nitamweza?"

Ukageuzwa. Ukafuata ugomvi wa pembe. Mama Pushpa alitaka moja iwe nusu, kwa sababu Ganapati aliivunja mwenyewe akaifanya kalamu.

"Kalamu zilikuwa zimekwisha?"

"Aliambiwa andika bila kusimama, kalamu ikavunjika, angefanya nini?"

Jibu hilo lilimpendeza Sylviane kuliko alivyotarajia. Fundi anayevunja jino lake ili amalize kazi alikuwa mtu wa kueleweka. Akaikata ile pembe, akaisawazisha ncha kwa kidole.

Lakini panya alimkataa kabisa. Ganapati hupanda panya, na panya lazima akae miguuni pake.

"Mama Pushpa, hao panya banakula unga wangu wa mgao kila mwezi. Mimi nabawekea sumu. Leo nibafinyangie sanamu?"

Walibishana mpaka saa ya chai. Mwishoni panya alitengenezwa, mdogo kama dole gumba na mwenye uso wa hatia.

Lililobaki lilikuwa tumbo. Mama Pushpa alisema liwe kubwa, la mviringo, la mtu aliyeshiba na asiyeona haya. Sylviane akakaa mbele ya udongo akiwaza. Kalobeyei kulikuwa na matumbo machache ya namna hiyo. Kwa kweli alilijua moja tu, na alilijua vizuri kwa sababu kila Jumapili lilikuwa hatua mbili mbele ya safu yake ya kwaya, likipanda na kushuka na mahubiri. Mikono ikaanza kazi yenyewe. Kitovu kikakaa mahali pake, na hata ule mkunjo wa juu ya mkanda.

Siku mbili za jua la Lodwar zilimkausha Ganapati hadi akalia kama chungu ukimgonga. Ndipo Sylviane akafanya alilolifanya kwa kila kitu kilichowahi kutoka mikononi mwake. Mama Pushpa alikuwa amepelekwa kliniki kuangaliwa nyonga. Sylviane akachimba shimo uani, akajaza mavi ya ng'ombe makavu na maganda, akamchoma mungu mpaka akawa mwekundu kama tofali. Mama Pushpa aliporudi, sanamu ilikuwa imepoa na imepakwa rangi ya waridi, ile ya kuchanganywa na maji, kutoka rafu ya duka, kilemba cha dhahabu, macho meusi. Mama Pushpa akaweka fimbo chini, akaunganisha viganja. Hakuna aliyemwambia habari za moto kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ilikuwa habari.

Siku ya sikukuu walikuja Wahindi wote wa Lodwar, yaani saba, pamoja na wafanyakazi wa duka na majirani waliosikia kuna chakula. Ibada ilitaka nyasi ishirini na moja mbichi, na Kirit alizitafuta mji mzima hadi akazing'oa kwenye bustani ya hoteli, askari akimkodolea macho. Kasisi wao alisoma maombi kutoka Eldoret kwa simu ya video. Mtandao ulipokwama alibaki ameganda kwenye kioo, mdomo wazi, na Mama Pushpa akaendelea peke yake bila kumsubiri. Taa zikazungushwa, kengele ikalia, nazi ikapasuliwa sakafuni. Sylviane alisimama mlangoni akijiambia anaangalia kazi yake tu. Wimbo ulipofika kiitikio mara ya tatu, alikuwa tayari anaimba sauti ya pili.

Wakati huohuo aliingia Mchungaji Anatole, amevaa suti. Alikuwa na mkutano wa wachungaji mjini, na dereva wa lori alikuwa amemsimulia kuna mwanakwaya wake anatengeneza sanamu. Alikuja kumwokoa. Lakini Mama Pushpa alimwona mgeni mnene mwenye suti, akadhani ni afisa wa kaunti, akamkalisha kiti cha mbele na kumpa sahani ya ladu, zile tufe tamu za unga wa dengu na samli. Mchungaji alikuwa ametoka Kalobeyei alfajiri bila chai. Alikula nne.

"Tamu sana," alisema. "Mnanunua wapi?"

"Hainunuliwi," Mama Pushpa akamjibu. "Ni ya mungu. Yeye amekula kwanza, sasa sisi."

Mchungaji akaacha kutafuna. Akageuka polepole kumtazama huyo aliyekula kwanza. Watu wengine nao walikuwa wameanza kutazama, mara huku mara kule. Nakuleu ndiye aliyesema.

"Hii mungu iko na tumbo kama ya huyu mzee."

"Sylviane!" Mchungaji akaita.

"Niko hapa, Mchungaji."

"Hiki ni nini?"

"Ni kazi, Mchungaji. Bananiambia tumbo la mtu mwenye baraka. Nikawaza nani kwetu amebarikiwa."

Kirit alitoka nje haraka, na kicheko chake kilisikika hadi barabarani. Mchungaji Anatole alifungua kinywa kukemea, akaitazama tena sanamu, akaingiza pumzi na kulivuta tumbo ndani. Lilirudi. Sylviane alijiuma mdomo mpaka machozi yakamtoka, kwa kuwa kucheka huko kungekuwa kusimamishwa kwa tatu. Hatimaye Mchungaji akasema, kwa sauti ya mtu anayejitetea mahakamani, kwamba yeye si mnene hivyo. Akala ladu ya tano akiwa amesimama, kwa kuwa, alisema, madhara kama yapo yalishaingia.

Kesho yake mchana ndipo Sylviane alipoambiwa yaliyobaki.

"Sasa tunampeleka mtoni," Mama Pushpa akasema.

"Kuoga?"

"Kuyeyuka. Amekuja, amekula, anarudi kwao. Udongo unarudi kwa maji."

Sylviane alikaa chini palepale sakafuni. "Siku tano mgongo wangu umekatika. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi. Munatupa?"

"Hatutupi. Tunamsindikiza."

"Kumsindikiza mtu ndani ya maji, kwetu tunaita kumzamisha!"

Akapanda pikapu hata hivyo, akiwa amemshika Ganapati kiunoni njia nzima. Mchungaji Anatole alikwenda nao. Alisema ni kwa sababu mkutano wake umeisha na hana usafiri. Mto Turkwel ulikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, ya rangi ya chai ya maziwa. Mchungaji alikunja suruali akasaidia kubeba. Walimketisha mungu katikati ya mkondo, maji yakamfika kiunoni, wakaimba, wakangoja.

Kirit akammwagia maji kichwani kwa viganja, na rangi ya waridi ikaanza kutiririka. Kilemba cha dhahabu kikaenda, macho yakaenda. Chini yake kukatokea wekundu wa tofali, mgumu, unang'aa. Robo saa ikapita. Ngamia wawili wakaja, wakanywa upande wa juu, wakaondoka. Ganapati alibaki ameketi.

Mama Pushpa akamgonga kwa fimbo. Akalia *ting*.

"Umefanya nini?" akauliza polepole.

"Nimechoma," Sylviane akasema. "Udongo unachomwa. Usipochoma si utayeyuka?"

Mama Pushpa alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa maji, na hapo Sylviane akaona kwamba huyu mama hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. Mwaka mzima wa nyonga, wa kukaa kwenye kiti, alikuwa ameukabidhi kwa mungu huyu mgeni aondoke nao, na mgeni amekataa kuondoka. Sylviane alisahau uzuri wa kazi yake. Alimshika mkono akasema pole, kwa dhati, mara ya kwanza wiki hiyo bila kuongeza neno.

Kirit alimpigia simu kasisi wa Eldoret, lakini kando ya mto hapakuwa na mtandao.

Nakuleu, aliyekuja nao, alikuwa ametazama yote akiwa ng'ambo ya mkondo. "Nyinyi mnasumbukia hii maji ya juu," alisema. "Hii ni kidogo. Maji ya Turkwel iko chini."

Alipiga magoti kwenye mchanga mkavu pembeni, akaanza kuchimba kwa sahani ya bati, kama wanawake wachimbavyo kisima mto ukikauka. Sylviane akajiunga naye. Mchungaji akavua koti, akachimba pia, akihema. Shimo lilipofika usawa wa kifua, mchanga ukalowa, kisha maji yakapanda, safi kuliko ya mkondoni. Wakamshusha Ganapati humo, yeye na panya wake. Maji yakafunika tumbo, mkonga, ile pembe nusu. Mama Pushpa, ameegemea fimbo ukingoni, akaimba wimbo wa kuaga mpaka mchanga wa kando ukaporomoka wenyewe na kuziba. Halafu akaomba arudishwe nyumbani, alale. Alilala mpaka kesho yake, jambo ambalo Kirit alisema halikuwa limetokea tangu kuanguka kwake.

Mwaka uliofuata Sylviane aliitwa tena, na hakuchoma. Mto ulikuwa mkavu kabisa, kwa hiyo Ganapati alishushwa kwenye pipa la maji uani, na nusu saa haikuisha akawa tope laini. Sylviane aliingiza mkono, akalipima kwa vidole, akauliza nini kinafuata.

"Namwaga kwa mlimau," Mama Pushpa akasema. "Ameshakwenda. Hii sasa ni udongo tu."

"Udongo mzuri hivi, mama? Nipe mimi."

Mama Pushpa alifikiri kidogo, akamwachia ndoo moja, iliyobaki ikaenda kwa mlimau. Sylviane aliipakata ndoo hiyo ndani ya lori hadi Kalobeyei, akaichanganya na majivu, akatengeneza jiko la kawaida lisilo na pua wala masikio. Hakuliuza. Analitumia kupikia maharage mpaka leo, na husema yanaiva upesi mno juu yake, ingawa jirani zake wanasema ni kwa sababu anatia kuni nyingi.