Tiki Nilizotia Nikiwa Nje ya Mlango

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo pengine haya nitayaeleza vibaya. Nitajitahidi tu nisimwonee mtu.

Mama mkwe alikuja kukaa kwetu Mwankoko baada ya kupimwa na kukutwa na kifua kikuu. Kwake na kituo cha afya ni mbali, kwetu unatembea kidogo umefika. Dawa ni za miezi sita, za bure, kila siku bila kuruka. Na utaratibu wa serikali ni kwamba nyumbani awepo mtu wa kumwangalia mgonjwa akimeza, kisha atie tiki kwenye kadi. Mke wangu anapika shule ya bweni huko Kinampanda, anarudi mwisho wa mwezi. Binti yetu ana miaka minne. Nikabaki mimi.

"Umwone kwa macho," nesi aliniambia. "Kidonge mdomoni, maji, ameze."

Nikasema ndiyo. Hapo ndipo nilipokosea, maana nilijua siwezi. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe akila. Ukimkuta na bakuli, unageuka unarudi ulikotoka. Sasa nimwambie apanue mdomo nione? Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni, nikaona aibu kuanza kueleza mambo ya kwetu pale mezani.

Tukajikuta tuna utaratibu wetu, ambao hakuna aliyeusema. Asubuhi, kabla ya kufungulia kuku, nasimama nje ya mlango wa chumba chake, mgongo ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Nasikia vidonge vinatolewa kwenye pakiti, nasikia kikombe.

"Tayari, mama?"

"Tayari, baba."

Natia tiki. Zilikuwa tiki nzuri, zimenyooka kama mistari ya alizeti. Niseme ukweli, ile kadi nilikuwa najivunia.

Miezi miwili ilipoisha akapimwa tena makohozi. Wadudu bado walikuwepo.

Nesi akaigeuza kadi mbele na nyuma. "Baba, alikuwa anameza zote?"

"Zote."

"Ulimwona?"

"Nilimsikia."

"Ulimsikia!" Mzee mmoja kwenye benchi akacheka mpaka akakohoa. Nesi akaendelea, "Na mkojo, ulikuwa unatoka mwekundu kwa hizo dawa, kama nilivyokueleza?"

"Dada, mimi nikamuulize mama mkwe habari za mkojo?"

"Basi ulitaka nimuulize mimi kutoka huku?"

Alikuwa na haki. Na mimi nilikuwa na haki kidogo, na hicho ndicho kilichoniudhi, maana ukikosa mtu wa kumkasirikia hasira inakurudia mwenyewe. Akaeleza kwamba mtu akimeza nusu nusu, wadudu wanaweza kuizoea dawa. Wakishaizoea, anaanza upya na dawa nyingine nzito zaidi. Makohozi yatapelekwa kupimwa kama dawa bado inafaa. Nikamfikiria binti yangu, anavyong'ang'ania kulala na bibi yake. Yeye anapewa dawa za kinga, na anameza mbele ya kila mtu bila maneno.

Nikampigia mke wangu.

"Yaani ulikuwa unasimama nje?"

"Ulitaka nisimame wapi?"

"Nje," akasema.

Basi akaongea na mama yake kwa simu, nikiwa uani. Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia yote.

"Vidonge vyenyewe vitatu, vikubwa hivi," mama mkwe alisema. "Cha kwanza hakijafika tumboni, mkwe ameshauliza kama tayari. Nimsimamishe mtu mzima kwenye baridi kama mlinzi? Nasema tayari, aende zake."

Viwili alikusudia kuvimeza baada ya uji. Siku nyingine alivimeza. Siku nyingine kichefuchefu kilimzidi, akavifunga kwenye kitambaa chini ya godoro, asije akaonekana anatupa dawa ya serikali.

Miezi miwili! Yeye ananiheshimu, mimi namheshimu, na wadudu wanakula heshima yetu. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia nesi ambaye hakuuliza tunaishije. Baadaye nikakumbuka ni nani aliyekuwa akiuliza "tayari" mapema, kwa sababu ya haraka ya kuku.

Kesho yake sijafika hata ukutani, akaita, "Ingia, baba."

Alikuwa amekaa kitandani, khanga imefika kidevuni. Nikaingia nikatazama kalenda ukutani.

"Kalenda ndiyo inaumwa?"

Nikamtazama. Cha kwanza. Akapumzika. Cha pili. Nje kuku wanapiga kelele. Cha tatu kilichukua muda mpaka miguu ikachoka. Kila alipomeza nami nikameza mate.

"Acha kumeza na wewe, baba. Nikicheka vitanikaba."

Majibu yalipokuja, dawa ilikuwa bado inafaa. Mwezi wa tatu makohozi yakatoka safi. Sisemi ni kwa ajili yangu. Pengine ni bahati, pengine ni vile vidonge alivyomeza peke yake wakati mimi niko kwenye kuku.

Tiki za zamani nilitaka kuzifuta, nesi akakataa, akasema niandike ukweli. Nikaandika pembeni: hizi nilisikia, sikuona. Zilizofuata zimepinda pinda, nyingine zimetoka nje ya kisanduku, maana nazitia macho yakiwa kwake.