Nilipima Nchi Mbili kwa Mizani ya Maharage

Mwaka 1996 niliweka nchi mbili kwenye mizani ya maharage. Mizani ile ndiyo iliyomuua mke wangu.

Tulia, nisikilize.

Mimi Amissi, mfanyabiashara wa Kindu, Zaire. Niliingia Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, peke yangu, nikimkimbia mkubwa mmoja wa jeshi aliyetaka duka langu. Mke wangu, Mapendo, alibaki akisubiri nimwite.

Kambini nikafungua kibanda. Sukari niliifungia kwenye kurasa za vitabu vikuukuu nilivyonunua Old Town, Lilongwe.

Siku moja, kati ya kurasa hizo, ikatokea ramani ya Afrika. Asubuhi hiyo hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba waasi wanaosaidiwa na Rwanda wamevuka mpaka, wameingia kwetu Zaire.

Kibandani hapatoshi, kila mtu jenerali!

Nikachukua mkasi. Nikakata Zaire, nikakata Rwanda, kila moja sahani yake. Zaire ikainamisha mizani. Rwanda haikufika hata ukucha.

Watu hawana mbavu.

"Muone!" nikawaambia. "Hii punje njo itameza tembo?"

Jirani yangu Gélase, Mnyarwanda aliyekuwa mwalimu, hakucheka.

"Papa Amissi, basoda, askari ba ile karatasi kubwa, banakulaka nini? Miezi ngapi habalipwe?"

"Mwalimu, we iko na wivu tu."

Wiki ile Mapendo akapata nafasi kwenye treni ya Lubumbashi. Aliniuliza kupitia rafiki yangu Kiza wa huko, aliyekuwa akiongea na Kindu kwa redio ya wafanyabiashara. Nikampigia Kiza simu kutoka Lilongwe.

"Mapendo anauliza, akuje?"

"Abaki, achunge nyumba. Kindu iko na jeshi muzima. Punje haitafika."

Nikarudi kambini najiona bonge la mtaalamu.

Aprili 1997 akaingia Bahati, jirani yetu wa Kindu, viatu vyake havifanani. Sikungoja hata anywe maji.

"Waasi bamefanya nini Mapendo?"

"Waasi? Bale balikuta muji iko bule, bila muntu, Papa. Ni basoda betu, siku ya kukimbia. Baliingia kila nyumba kuiba. Bantu bote balitoroka pori. Mama Mapendo alikatala. Alisema, bwana yangu aliniambia nichunge nyumba. Balimupiga risasi pale mulangoni."

Jeshi lile lile lililonikimbiza mimi, nikalikabidhi mke wangu. Mjinga gani huyu?

Gélase alikaa nami matanga siku tatu. Hakusema hata mara moja kwamba alinionya. Bora angesema.

Mei, redio ikatangaza kwamba Zaire haipo tena, sasa ni Kongo. Hata nchi niliyoipima ikafutwa.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hawakusema kuna nyasi zinazomshangilia tembo wake.

Ukisikia mataifa yanapimana nguvu, ndugu yangu, usiulize nani mkubwa. Uliza wakishindwa, askari watapitia mlango wa nani.

Mimi sikuuliza.