Singo Iliyowaka Kichupani

Chumbani tulikuwa wanawake watano: mimi, binti yangu, mwanawe, bibi harusi aliyewekwa ndani akingoja siku yake, somo wake wa kumsinga, yaani kumsugua mwili kwa manukato, ambaye ni jirani yetu wa mlango kwa mlango hapa Mji wa Kale, na mjukuu wa dada yangu, anayesomea kemia. Majina yote ninayo kichwani, ila ya ndani hayatoki nje.

Bibi harusi alikuwa amevimba uso, mikono inamtetema hata mchora hina ameshindwa. Tuliambiwa ni wasiwasi wa harusi tu. Mamake alimpepea huku analia.

Yule mwanafunzi akatoa kichupa cha maji meupe. Akasema mna dawa ndani yake. Ikikutana na zebaki, ile sumu ya kwenye mafuta ya kujichubua, ukiimulika kwa tochi ya kukagulia noti bandia, inawaka.

Somo akacheka. "Mwanangu, mie nimesinga mabibi harusi mtaa mzima. Leo waridi langu na liwa langu vipelekwe mahakamani?"

"Si mahakamani, bibi. Kichupani tu."

Tukafunga madirisha. Mwanafunzi akatia singo ya kinuni, ule mchanganyiko wa waridi na liwa aliousaga somo, akatikisa, akamulika. Giza tupu. Somo akapiga kigelegele. "Haya, niombeni radhi!" Nami moyo ukanirudi, alhamdulillahi.

Ndipo bibi harusi akasema polepole, "Somo, na ile ya dukani? Ile unayoichanganya ukishafunga mlango."

 Somo akafungua pindo la leso, akatoa kikopo cha mafuta ya kujichubua. "Ni kidogo tu. Nilitaka atoke kama mwezi."

Mwanafunzi akatia mafuta hayo kidogo, akamulika; safari hii kichupa kikawaka rangi ya chungwa, kama kaa lililopulizwa, hata tukaonana nyuso.

"Izime!" binti yangu akapiga ukelele. "Mwanangu, izime!"

"Mama, hii huonyesha tu," mwanafunzi akamwambia. "Haiitoi sumu. Twende hospitali akapimwe damu."

Bibi harusi akaitazama mikono yake. "Na mimi mkinimulika, nitawaka?"

 Tukamwosha, tukamvisha buibui, akavuka kizingiti kabla ya siku ya harusi yake. Hadi ninapoandika haya yuko wodini, na mikono haijatulia.

Ikiwa nimekosea nani alifunga dirisha, au nani alilia kwanza, enyi mliokuwapo nisahihisheni. Na akitokea wa kunisahihisha kwamba kichupa hakikuwaka, na aje upesi. Nitambusu mikono.